Maswali na Majibu: Mabegi, mizani na mkia wa ndege

Nikienda Lamu kwa ndege ndogo nilipandishwa kwenye mizani mbele za watu. Ni haki hiyo? (Mama, Kisauni)

Ni haki, mama, ingawa mizani ingewekewa pazia. Ndege kubwa hutumia uzito wa wastani kwa kila abiria, kwani katika watu 150 wanene na wembamba hufidiana. Ndege ndogo kama Caravan ya propela moja haina watu wa kufidiana. Uzito wake wa juu wa kuruka ni karibu kilo 3,970, ndani yake mna ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Abiria kumi wakizidi wastani kwa kilo 15 kila mmoja, hizo ni kilo 150 zisizoandikwa popote.

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, wakafa watu wote 21. Waya za usukani wa mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na juu ya hilo ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi ya hesabu ya uzito ilivyosema, uzito umeegemea nyuma. Baadaye Marekani ikapandisha wastani uliokuwa ukitumika.

Napakia mizigo uwanja wa Moi. Karatasi ikisema mabegi 40 buti ya mbele na 60 nyuma, nasi tukayatia yote nyuma kwa haraka, uzito si ule ule? (Changamwe)

Uzito ni ule ule, mahali si pale pale. Piga hesabu: mabegi 40 ya kilo 15 ni kilo 600. Tuseme buti mbili zimeachana mita 12. 600 mara 12 ni 7,200. Gawanya kwa uzito wa ndege nzima, tuseme kilo 60,000. Kitovu cha uzito, yaani mahali ndege nzima inapolingana mbele na nyuma, kimerudi nyuma sentimita 12, na kwenye ndege aina ya 737 nafasi yote kinayoruhusiwa kutembea ni kama mita moja tu.

Hata kikibaki ndani ya mipaka, rubani ameshadanganywa. Kabla ya kuruka huupanga mkia wa mlalo, yale mabawa madogo ya nyuma, kwa kufuata karatasi. Uzito ukiwa nyuma kuliko ilivyoandikwa, pua huinuka kabla hajaitaka na mkia waweza kukwaruza lami. Ukivuka mpaka wa nyuma, pua ikishapanda huenda usukani usiweze kuishusha, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba. Ukizidi mbele, rubani huvuta usukani na pua haitaki kuinuka, huku njia yaisha.

Kwa hiyo mkishakosea, msirekebishe kimya kimya. Mwite msimamizi, mpe idadi ya kweli ya kila buti. Ama mabegi yahamishwe, au karatasi iandikwe upya kabla mlango haujafungwa.

Na nyavu za kuzuia mizigo isitembee zifungwe kila ndoano. Bagram, Afghanistan, tarehe 29 Aprili 2013, magari ya kivita yalikatika kamba ndani ya 747 ya mizigo iliyokuwa ikipaa, yakarudi nyuma na kuvunja mitambo ya kuongozea mkia. Wote saba waliokuwamo walikufa.

Kwa nini ndege zingine huegemezwa nguzo mkiani zikipakiwa? (Mikindani)

Isikae kitako. Mkia ukijaa na mbele kutupu, gurudumu la pua hunyanyuka. Kawaida ni kupakia mbele kwanza, kushusha nyuma kwanza.

Begi langu la kilo 35 lilikataliwa ingawa nilikubali kulipia ziada. (Likoni)

Ndege ingelibeba. Kikomo cha kilo 32 kwa begi moja ni kwa ajili ya mgongo wa kijana anayepakia akiwa amepiga magoti ndani ya buti. Gawa mara mbili.

Ukunda waliacha mabegi yetu mchana wakisema ni joto. Kisingizio? (Diani)

Mara nyingi ni kweli. Hewa ya moto ni nyepesi: bawa hubeba kidogo, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Moi ina njia ya zaidi ya kilomita tatu. Ukunda ni fupi mno. Mafuta hayawezi kushuka chini ya kiwango cha sheria na abiria ameshakaa kitini, basi linalobaki ni begi. Mwenye mzigo mzito achukue safari ya asubuhi, na dawa zake azibebe mkononi.