Kabla Hujanunua Lenzi ya Pili: Kwa Wanaoanza Kamera za Renjifainda hapa Unguja

Kila tunapokutana barazani Mji Mkongwe, na kila mmoja akatandaza vyombo vyake juu ya mkeka, naliona jambo lile lile kwa wanaojiunga nasi. Macho huenda moja kwa moja kwenye lenzi yenye tundu kubwa la kupitishia mwanga, na suali la kwanza huwa ni bei. Mara chache husikia mtu akiuliza kama kamera aliyonayo mkononi inapima masafa kwa usahihi. Nimezitumia kamera hizi kwa miaka kumi na minne, nimenunua vizuri na nimenunua vibaya, na lau ningeanza upya leo, ningejifunza kuipima kamera moja na lenzi moja kabla ya kutoa hata shilingi kwa kitu chengine.

Katika renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho pembeni, na katikati ya kidirisha hicho pana kiraka kidogo cha mwanga kinacholeta taswira ya pili kutoka dirisha jengine la kamera. Ukizungusha lenzi, taswira hizo mbili hukaribiana, na zinapolaliana zikawa moja, fokasi imekaa, yaani kitu ulichokilenga kitatoka kikali. Utaratibu huu wa kuunganisha kipimo cha masafa na lenzi ulienea mwaka 1932, pale Leica II na Contax zilipotoka Ujerumani, na mpaka leo haujabadilika sana. Kwa kuwa lenzi haikuonyeshi chochote, kamera inaweza kukudanganya bila wewe kujua: kifuniko cha lenzi hakijatolewa, lenzi ya kukunjwa haijavutwa mpaka mwisho, au kipimo kimesogea kidogo, na bado kidirishani kila kitu kinang'ara.

Kwa hiyo anza na kipimo. Panda mahali penye uwazi, iweke lenzi kwenye alama ya masafa yasiyo na mwisho, kisha tazama kitu kilicho mbali chenye mistari iliyosimama wima. Mimi hutumia minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu nikiwa juu ya dari upande wa pili wa mji, na usiku hutumia mwezi. Taswira mbili zikilaliana sawasawa, umefaulu nusu ya mtihani. Zikiachana kushoto na kulia, kipimo kimehama na fundi anaweza kukirudisha kwa skrubu ndogo. Zikiwa moja iko juu na nyengine chini, hiyo ni hitilafu tofauti: haiharibu fokasi, lakini inachosha jicho.

Nusu ya pili ya mtihani ni ya karibu, na ndiyo inayowashinda wengi. Chukua gazeti, liegemeze mshazari juu ya meza, na upige mstari wa wino katikati. Weka kamera juu ya kiti, mita 1 kutoka kwenye mstari huo, na fungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Ikiwa kamera yako inafunguka mgongo, bandika selotepu yenye weupe wa ukungu juu ya reli za filamu, shikilia shata, lile pazia linalofunguka kuupitisha mwanga, ibaki wazi kwenye alama ya B, na tazama taswira kwa kioo cha kukuzia. Herufi zilizo kali zaidi ziwe zile za kwenye mstari, si za mbele yake wala za nyuma yake. Msidharau tofauti ndogo. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 2 (namba ikiwa ndogo, tundu ndiyo kubwa), kwa umbali wa mita 1, huacha kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma linalotoka kali, cha sentimita 5 hivi kwa jumla. Ukikosea kwa upana wa vidole viwili, macho ya unayempiga picha yatafifia na masikio yake yatakuwa makali.

Mtihani huu una umuhimu zaidi kwa lenzi za Kisovieti, ambazo ndizo nyingi wanazoanza nazo kwa sababu ya bei. Jupiter-8, yenye asili yake katika Sonnar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss, ni lenzi ninayoipenda kwa dhati. Namna inavyouchukua mwanga wa asubuhi juu ya ukuta wa chokaa sijaipata kwenye lenzi ya bei mara kumi. Hesi yake ya milimita 39 inaingia kwenye kamera za Kisovieti za FED na Zorki, na vilevile kwenye Leica za zamani. Ukiwa na Leica ya M, ambayo ilianza na M3 mwaka 1954 na hutumia mdomo wa kuchomeka na kuzungusha, unahitaji pete ya unene wa milimita 1 tu. Lakini kuingia si kupatana. Viwango vya Kisovieti vya kupimia masafa vinatofautiana kidogo na vya Leica, na tofauti hiyo hujitokeza pale pale penye shida: karibu, na tundu likiwa wazi. Juu ya FED au Zorki iliyotengenezwa vizuri, lenzi hiyo hiyo iko nyumbani kwake.

Mkiletewa Leica ya rangi ya dhahabu yenye nembo za jeshi la Ujerumani, msifurahi haraka. Nyingi ni FED au Zorki zilizochorwa upya. Fungueni lenzi mtazame ndani kwa juu: kidole kinachopokea kipimo cha masafa kutoka kwenye lenzi, kwenye Leica ni gurudumu dogo la mviringo, ilhali kwenye ndugu zake wa Kisovieti huwa ni kipande cha chuma kisichozunguka. Na anayenunua Zorki-4, akumbuke kuvuta filamu kwanza ndipo azungushe kitufe cha kasi. Kinyume chake huweza kuharibu mitambo, na nimeona mbili zikifa hivyo mikononi mwa watu waliokuwa na haraka.

Kwa asiyetaka kubadilisha lenzi, Canonet QL17 ya lenzi ya milimita 40, au Yashica Electro 35 iliyoanza mwaka 1966, zinatosha kabisa. Tatizo lao ni betri. Canonet ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena, na ukiweka ya volti 1.5 kipimo cha mwanga hukosea. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye volti 1.4, zinakaribia sana. Ila zikishatolewa karatasi yake huisha baada ya muda mfupi, hata kama hukupiga picha.

Sasa nifike kwenye jua, kwa sababu hili halielezwi vya kutosha na hapa kwetu lina uzito wake. Mapazia ya shata za FED, Zorki na Leica nyingi za zamani ni ya kitambaa chenye mpira, na mbele yake hakuna kioo cha kuakisi cha kuyakinga. Mwaka wangu wa pili nilikwenda Nungwi, nikaiweka kamera chali ndani ya ngalawa, lenzi wazi, tundu wazi, fokasi ikiwa ya mbali, wakati nikimsaidia nahodha kushika kamba. Nadhani haikufika dakika moja. Filamu iliposafishwa, kila picha iliyofuata ilikuwa na nukta nyeupe mahali pale pale, juu kushoto, kama nyota iliyokataa kutua. Lenzi ilikuwa imelikusanya jua na kulitoboa pazia. Tundu lile nililiziba kwa rangi nyeusi laini ya kitambaa, tabaka nyembamba mara tatu, na kamera ikafanya kazi tena, lakini picha za siku ile, zikiwemo za mzee mmoja ambaye sikumwona tena, zimebaki na nukta yake. Tangu hapo, kamera isipokuwa jichoni mwangu, lenzi hutazama chini au ina kifuniko, na tundu limefungwa mpaka 16.

Unyevu nao hauna haraka ya jua, lakini hausamehi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na ikikaa sana hula kinga ya kioo. Mkoba wa ngozi ndio nyumba yake ya kwanza, basi usihifadhi kamera humo. Mimi hutumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika, ile inayobadilika rangi ikilowa, nikiikausha kwenye kikaango kwa moto mdogo. Kabla ya kununua lenzi yoyote, imulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele. Kabatini hutaiona kuvu, kwenye tochi itakudhihirikia.

Vifaa vyengine nitavipita haraka. Kofia ya lenzi ni lazima kwa jua letu, na chujio la manjano ni zuri kwa filamu nyeusi na nyeupe, kwani hulitia uzito anga juu ya bahari. Kipimo cha mwanga kwenye simu kinatosha. Kidirisha cha ziada cha kuweka juu ya kamera usinunue mpaka uwe na lenzi inayoona eneo pana kuliko lile linaloonyeshwa na mistari ya kidirisha chako.

Vichochoroni kipimo cha masafa chenyewe unaweza kukiacha. Lenzi ya milimita 35, tundu la 8, masafa mita 3: kila kilicho baina ya mita 1.9 na mita 7 hivi kitakuwa kikali. Ninapotaka sura ya mtu, hata hivyo, namsalimia kwanza, naomba ruhusa, na ndipo naweka fokasi kwa utulivu kwenye jicho lake. Kijana mmoja aliniuliza, "Maalim, ukiomba si anageuka kuwa mwengine?" Nikamwambia, "Hugeuka, mwanangu, kisha akizoea hurudi. Msubiri."

Jumapili ya kwanza ya mwezi tutakuwa barazani baada ya chai. Njooni na kamera zisizo na filamu, tochi, na gazeti la zamani, tufungue migongo na tupime moja baada ya moja.