Sauti ya mtungini: kabla hujakilaumu kichujio cha kristali

Redio ya kwanza ya kupokea na kurusha niliyoiunda kwa mikono yangu hapa Wete ilinisumbua masika mazima, kwani kila niliyemsikia kwenye bendi ya mita 40 alikuwa kama anazungumza akiwa ndani ya mtungi. Mwenzangu wa Tanga, ambaye ana leseni ya redio ya ridhaa kama mimi, naye alinijibu: "Maalim, najua ni wewe, lakini maneno siyapati." Hilo halikuwa la ajabu, kwa sababu redio za aina hii hutumia kichujio kimoja cha kristali, yaani saketi inayopitisha ukanda mwembamba tu wa masafa, kwa kupokea na kwa kurusha, hivyo kasoro yake husikika pande zote mbili.

Kristali sita nilizotumia nilizing'oa kwenye televisheni mbovu za rangi za mfumo wa PAL, ambazo kristali zake nyingi ni za megahezi 4.43. Nilizipima moja moja na kuchagua zile zilizopishana kwa hezi 50 au chini ya hapo, nikazipanga kwa mfuatano, na baina yake nikaweka kapasita zinazoshuka kwenye ardhi ya saketi. Mpaka hapo sikukosea.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kichujio ni chembamba mno. Nikapunguza thamani za kapasita ili upana wa masafa yanayopita utoke kilohezi 2.4 ufike 3, na sauti ikazidi kuharibika. Sikujua wakati ule kwamba kapasita zikipunguzwa, ukinzani ambao kichujio kinataka kuuona kwenye kila ncha huongezeka. Mara nyingi ukinzani huo ni mamia ya omu, nami nilikuwa nimekiunganisha moja kwa moja na hatua za redio zenye ukinzani wa omu 50. Kichujio kisipopata ukinzani wake, sehemu yake ya kupitisha hujaa mabonde na vilima: baadhi ya masafa ya sauti huvuma na mengine humezwa. Huo ndio mtungi wenyewe. Nilirudisha kapasita za awali, nikazungushia transfoma ndogo kila upande kwa uwiano wa mizunguko 1 kwa 3, ambao hugeuza omu 50 kuwa 450, na mvumo ukatoweka.

Hata hivyo sauti ilibaki nyembamba, ya puani. Ushauri wangu mkubwa uko hapa, kwa sababu wengi hununua kristali mpya wakati dawa ni kuzungusha bisibisi robo mzunguko kwenye kapasita ya oskileta. Oskileta (saketi inayozalisha wimbi) inayorejesha wimbi mama, yaani wimbi linalobeba sauti ambalo redio hizi huliondoa kabla ya kurusha, lazima iwekwe kwenye mteremko wa kichujio, mahali ambapo nguvu ya wimbi hilo imeshuka kwa takriban desibeli 20. Ikikaa mbali na ukingo, sauti hupoteza besi. Ikiingizwa ndani mno, besi huzidi na vituo vilivyo upande wa pili wa wimbi mama huanza kupenya. Mazungumzo yanahitaji takriban hezi 300 hadi 2700, na tofauti yake ndiyo hizo kilohezi 2.4 nilizokuwa nazikimbia.

Huhitaji vyombo vya gharama. Unganisha antena, tafuta masafa yasiyo na kituo, kisha weka karibu na spika simu yenye programu ya kuonyesha wigo wa sauti. Mngurumo wa hewani utakuchorea umbo la kichujio chako, na utaona mchoro ukisogea kadiri unavyorekebisha kapasita ya oskileta. (Spika ndogo ina mabonde yake yenyewe, kwa hiyo waya kutoka tundu la hedifoni ni bora zaidi.)

Usisahau kulehemu magamba ya kristali kwenye ardhi ya saketi, lakini kwa haraka, maana joto likizidi huziharibu. Ukishamaliza, iache redio iwake nusu saa kisha utazame tena mchoro, kwa kuwa oskileta husogea inapopata joto, na chumba changu chenye paa la bati mchana wa kaskazi si sawa na kilivyo alfajiri.