Jibu: Nahitaji wenyeji 80, Laisamis hadi Loiyangalani – usiguse hiyo orodha

Usiipokee hiyo orodha. Kama umeshaipokea, irudishe leo, kabla hujampigia simu mtu hata mmoja.

Kwa mliofika sasa: mleta uzi ni mkandarasi mdogo, amepata kazi ya kusimamisha nguzo na paneli za umeme wa jua kwenye vituo vinne vya njia ile ya kaskazini mwa Kenya, Laisamis, Ngurunit, South Horr mpaka Loiyangalani. Anataka wenyeji 80: Warendile, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, watu ambao kwenye kazi za umeme huwaoni ila wameshika panga la kufyeka au rungu la ulinzi. Ameuliza awapate vipi, awalipe vipi, walale wapi, wanawake waingie vipi, na afanye nini wasiondoke baada ya mshahara wa kwanza. Kisha akamalizia kwamba mshauri wake amemrahisishia mambo: chifu na "kijana wa kuunganisha jamii" wameshaleta majina 80, yamegongwa muhuri, Jumatatu kazi inaanza.

Orodha ya namna hiyo niliwahi kuipokea. Imepigwa chapa vizuri, nambari za vitambulisho zimenyooka, muhuri wa buluu chini. Nakwambia kilichomo, maana yako haitakuwa tofauti.

Kwanza, ukoo mmoja. Ukisoma majina ya baba hutajua, kwa sababu hukuzaliwa pale. Wenyeji wanajua kwa kutazama mara moja. Pili, nafasi zimeuzwa. Anayeunganisha anachukua mshahara wa mwezi wa kwanza, au nusu yake, au mbuzi kwa ahadi. Huyo kibarua wako "anayeondoka baada ya mshahara wa kwanza" mara nyingi hajawahi kuuona: aliufanyia kazi mwezi mzima kulipa deni la kuingia. Unamwita mvivu, kumbe ameibiwa getini kwako mwenyewe. Tatu, anayefika kazini siyo aliyeandikwa. Jina ni la kaka aliye Nairobi, kitambulisho ni cha binamu, mwili ni wa kijana wa miaka 17. Siku nguzo ikimwangukia mguu, bima yako chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 itauliza aliyeumia ni nani, nawe utakuwa umeshika jina la mtu mzima mwenye miguu miwili.

Nne ndiyo itakayokufilisi. Vijiji vitatu vilivyoachwa nje vinajua ndani ya siku mbili. Hawataandika barua. Wataweka mawe na miba ya mgunga barabarani, mahali pembamba, penye laga (mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha) upande mmoja na mwamba upande wa pili. Hakuna njia ya kuzunguka. Loli la saruji linasimama, boza la maji linasimama, winchi uliyoikodi inahesabiwa siku kama kawaida iwe imeinua nguzo au imelala. Mwenye mtambo hakupunguzii bei kwa sababu wazee wamekasirika. Na ukikimbia kuita polisi, umemaliza: kazi unaweza kuianza tena, lakini utaifanya na askari kila siku, na hakuna mwenyeji atakayekuonya mvua ikijaa lagani.

Usidhani haya ni ya wakandarasi wadogo tu. Oktoba 2013 huko Turkana, kampuni ya Tullow ilisimamisha kazi zake za mafuta kwa sababu wenyeji waliingia kwenye maeneo ya visima wakidai ajira. Kampuni kubwa, pesa kubwa, bado mitambo ilinyamaza.

Sasa huyo mshauri. Wapo wengi na wanazungumza lugha moja: "Jamii imeshashirikishwa." Imeshirikishwa wapi? Chini ya mti gani? Nani alisimama akapinga? Anakaa hotelini mjini, anakutana na watu watatu wanaojua Kiingereza, anakuandikia ripoti yenye picha za watu wenye shanga, anatoza ada, anaondoka. Matatizo yakianza anakuambia "wafugaji hawajazoea kazi za saa." Uongo. Mtu anayeamka saa kumi usiku kunywesha ngamia 40 kwa zamu kisimani, na zamu hiyo haikosi, ndiye hajui saa? Mwenyeji huyu anajua zamu kuliko msimamizi wako. Hasira yangu kwa watu hawa haijaisha.

Kanuni ni moja, ibandike ndani ya kontena la ofisi: hakuna jina linaloingia kwenye daftari la mishahara kabla halijasomwa barazani.

Fanya hivi. Kwanza mwombe mhandisi ratiba ya watu mwezi kwa mwezi, siyo jumla. 80 ni jumla, na jumla ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu kila kijiji kitasikia 80. Tuseme ni vibarua wa kuchimba na kubeba 50, kazi za nusu ujuzi 20 (wapishi, walinzi, wasaidizi wa mafundi), mafundi 10. Wale 50 wagawe kwa vituo vinne: kila kituo kipate 5 za msingi, hizo ni 20, halafu 30 zilizobaki ugawe kulingana na idadi ya boma zinazoguswa na kazi. Zile 5 za msingi usizifute hata mtu akikuonyesha hesabu ya watu. Waelmolo ni wachache sana. Ukigawa kwa vichwa peke yake watapata nafasi moja au wakose kabisa, nao wako pale ziwani kabla ya mradi wowote. Katiba ya 2010, ibara ya 56 na ya 260, imezitaja jamii za namna hii, kwa hiyo una la kumjibu atakayelalamika. Na South Horr iko Kaunti ya Samburu, vituo vingine vitatu ni Marsabit. Ukiongea na kaunti moja tu umeshachagua upande bila kujua.

Tangazo litoke siku 14 kabla. Siyo tatu. Vijana wengi wako fora, kambi za malisho ya mbali, na mifugo, mwendo wa siku mbili au zaidi, na habari inafika kwa mguu. Libandike kisimani, zahanati, dukani, kanisani na msikitini, litangazwe kwenye redio ya jamii, kwa Kirendile, Kisamburu na Kiturkana, na Kiswahili kiwepo. Andika kazi, idadi, malipo ya siku, muda, na neno hili kwa herufi kubwa: NAFASI HAIUZWI.

Masharti yawe yale tu ambayo kazi inadai. Miaka 18, kitambulisho, nguvu za kubeba. Nimeona kwenye uzi wako "kidato cha nne, D+ na zaidi" kwa mchimba mashimo. Shimo halisomi. Sharti hilo linawaondoa wenyeji na kumleta kijana wa mjini aliyepanga chumba Laisamis wiki iliyopita. Vivyo hivyo cheti cha polisi cha tabia njema: ni safari na nauli kwa mtu ambaye hujamlipa hata shilingi. Kwa wasaidizi wa mafundi, muulize mtu afanye: akaze boliti, asome futi, apande ngazi. Anayejua kwa mikono bila cheti mpeleke afanye jaribio la ufundi la NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), daraja la III, nawe ulipie. Ni karatasi atakayoondoka nayo, na itamfanya abaki kuliko hotuba yoyote.

Kitambulisho kitakusumbua. Wapo watu wazima kabisa ambao hawana. Bila kitambulisho hakuna laini ya M-Pesa kwa jina lake, hakuna PIN ya kodi ya KRA, hakuna NSSF ya akiba ya uzeeni, hakuna SHA ya bima ya afya. Tumia zile siku 14: andikia ofisi ya usajili wa watu uombe siku ya kuandikisha kituoni, toa gari na mafuta. Hapa ndipo chifu anapohitajika kwelikweli, kwa sababu yeye ndiye anayethibitisha kwamba huyu ni mtoto wa fulani. Chifu siyo adui. Mpe kazi yake: kuitisha baraza, kutunza amani, kuthibitisha mkazi. Kuchagua siyo kazi yake, na ukimwondolea mzigo huo hadharani, wengi watashukuru, maana nyumbani kwake kumejaa wajomba wanaomdai nafasi.

Siku ya baraza yenyewe. Kituo kimoja, siku moja, isiwe siku ya soko wala ya kunywesha. Wawepo wazee wa kila ukoo, akina mama, vijana. Soma majina yote ya walioomba na kufaa, polepole, na baada ya kila jina nyamaza kidogo. Ule ukimya ndio unaofanya kazi. Utasikia sauti kutoka nyuma: "Huyo ni wa Isiolo." "Huyo yuko chuo." "Huyo ana miaka kumi na sita, nilimtahiri mwaka jana." Mambo ambayo mkaguzi wa mjini hayajui, mti mmoja wa mgunga unakutolea kwa saa mbili. Futa, endelea.

Waliobaki wakizidi nafasi, piga kura ya bahati. Karatasi zikatwe sawa, zikunjwe mbele ya watu, zitiwe kwenye sufuria mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila moja na idadi yake iliyotangazwa mapema (hilo ndilo jibu la swali lako la wanawake, na usiwape jikoni peke yake). Mtoto wa shule atoe. Kila jina linalotoka liandikwe kwa kalamu nene kwenye bango. Na usisimame nafasi zikijaa: endelea mpaka sufuria iwe tupu, ili kila mtu awe na nambari ya kungoja. Piga picha bango, acha nakala dukani. Mtasema haya ni mambo ya harambee, ya sufuria na karatasi. Sawa, harambee ilijenga nusu ya shule tulizosomea.

Ile nambari ya kungoja ndiyo dawa ya kuondoka uliyouliza. Mfugaji ataondoka siku fulani. Ukame ukibana, mifugo inahamishwa, na mtoto wa kiume anaitwa. Usimwite mtoro. Kabla ya kumfukuza kwa kukosa kazini, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake, na umsikilize. Njia nyepesi: nafasi moja ishikwe na wawili, mmoja wiki tatu, mwenzake wiki tatu, wote wawili wakiwa na mkataba wao. Akiondoka moja kwa moja, anaitwa nambari inayofuata kwenye bango, siyo mdogo wake, siyo rafiki wa msimamizi. Siku ukiruka nambari moja tu, rudi juu usome habari ya mawe na miba.

Na mkataba: mshauri amekuambia uwaweke vibarua wa siku "mwaka mzima, ni rahisi." Kifungu cha 37 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, si kibarua wa siku tena. Anastahili notisi na haki zake. Asiyejua kusoma lazima asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa, ndipo atie kidole. Uusome barazani vilevile, pamoja na makato: SHIF (mchango wa bima ya afya) asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, NSSF. Asiyeambiwa ataona pesa imepungua, na atajua moja tu, kwamba umemwibia.

Malipo, kwa kifupi. Mawakala wa M-Pesa vituo hivyo ni wachache na floti, pesa taslimu ya kutoa, huisha. Ukiwalipa 80 Ijumaa jioni, wa kwanza kumi watapata pesa, wengine watafunga safari kuitafuta na kurudi Jumanne, huku msimamizi ameshawaandika watoro. Mwambie wakala wiki mbili kabla, lipa kituo kimoja kwa siku, mara mbili kwa mwezi.

Jambo la mwisho la barazani: tangaza siku hiyohiyo kazi ngapi zitabaki ujenzi ukiisha. Umeme wa jua ukishasimama unataka wachache sana, wa kuosha paneli, kulinda, kurekebisha. Kule Sarima, kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa na umati na inaendeshwa na wachache. Watu wakijua idadi tangu mwanzo watauma meno lakini watakubali. Wakiijua siku ya kufungasha, barabara ni ileile.

Ya malazi wengine watakujibu. Wewe leo mwandikie chifu barua ya heshima, umshukuru kwa majina, umwombe tarehe za mabaraza manne, nakala kwa naibu kamishna wa kaunti na wawakilishi wadi wa pande zote mbili. Jumatatu usianze na mtu yeyote, hata wa kufyeka. Ukishaandika tangazo libandike hapa, nitalipitia kabla halijaenda kisimani.