Ukuta wa shule na vigae vya kioo

SWALI: Ndugu Mhariri, shule yetu ya msingi hapa Tanga ina ukuta wa nje wenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, nasi wazazi tunataka kuupamba kwa picha ya samaki na mikoko iliyoundwa kwa vigae vidogo vya kioo. Waliojitolea ni wengi, wakiwamo watoto, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kubandika kigae. Tuanzie wapi?
Mzazi, Tanga

JIBU: Ndugu Mzazi, anzieni mezani, wala mtu asiusogelee ukuta na gundi mpaka picha nzima iwe imekwisha kupangwa. Vigae vya sentimita 2 kwa 2, vikiachiwa nafasi ya milimita 2, huingia takriban 2,000 katika mita moja ya mraba. Ukuta wenu basi utakula zaidi ya 12,000, na hesabu hiyo si ya kubandikwa kimoja kimoja juu ya ngazi na watu wasio na uzoefu.

Kwa kuwa ukuta uko nje na utapigwa na mvua, nashauri njia ya karatasi. Choreni picha kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kaki, kushoto kukiwa kulia kama inavyoonekana katika kioo cha kujitazamia, kisha mwikate vipande visivyozidi sentimita 30, mkifuata mistari ya samaki na mizizi badala ya kukata miraba, ili maungio yasionekane baadaye. Nyuma ya kila kipande andikeni namba na mshale wa kuonyesha juu, na namba hizo zinakiliwe kwenye mchoro mdogo atakaoutunza fundi. Watoto watabandika vigae kwa gundi ya unga wa ngano, upande laini ukilala kwenye karatasi na ule wenye mifuo ukibaki juu. Mtoto akipitisha kidole gumba juu ya kazi yake na kukuta mahali panateleza, ajue kigae hicho kimegeuka. Kukata kwa koleo waachiwe watu wazima waliovaa miwani ya kukinga macho.

Ukutani aingie fundi mmoja na wasaidizi wawili, baada ya rangi ya zamani kukwanguliwa hadi kwenye lipu. Gundi ya vigae lazima iwe nyeupe. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kubandika bahari ya buluu kwa gundi ya kijivu, nikijisifu kwamba nimebana matumizi, na kesho yake bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea vyombo: kioo hupitisha mwanga, na kilicho nyuma yake hakifichiki. Fundi apake eneo dogo, abandike kipande karatasi ikiwa nje, akigongegonge kwa kibao, na gundi ikianza kushika ailoweshe karatasi kwa sponji na kuibandua taratibu. Vigae vilivyohama vinyoshwe papo hapo, kwani kesho yake havitoki bila nyundo.

Grauti, yaani saruji laini ya kuziba nafasi kati ya vigae, ijazwe baada ya siku moja au mbili. Wengi hupenda nyeupe. Mimi ningechagua ya kijivu, ambayo huzifanya rangi za samaki zikolee. Wazazi wenye glavu waifute kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, na utando mweupe utakaobaki ukikauka, waiteni watoto na vitambaa vikavu wausugue.