RAM ya seva ya simu ya nyumbani imejaa: usiizime kila usiku kabla hujajua nani anaila

Mkuu, kwa maelezo uliyotoa, una Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo) ya GB 1 yenye FreePBX, programu ya kusimamia seva ya simu inayoendeshwa na Asterisk, simu tano ndani ya nyumba hapo Nyakato kwenye faiba, na simu moja ya mkononi iliyoko Nansio, Ukerewe, inayojisajili kwa data. Dashibodi inaonyesha RAM 93%. Umeshauriwa uweke kron (amri inayojiendesha kwa ratiba) ya kuwasha seva upya kila saa tisa usiku, au ununue kifaa kikubwa zaidi. Subiri kwanza kwa yote mawili. RAM ya Pi haiongezwi, na kuwasha upya kunafuta ushahidi wote wa kilichokuwa kinaendelea.

Tuanze na `free -m` uliyoibandika, namba zote ni MB: total 921, used 388, free 62, shared 141, buff/cache 471, available 352. Dashibodi imetoa 62 kwenye 921, ndiyo ikapata hiyo 93%. Linux haiachi RAM ikae bure. Inahifadhi humo mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi inayaachia papo hapo. Namba ya kufuata ni available, yaani RAM ambayo programu zinaweza kuipata. Ikiwa juu ya 200 kwa seva ndogo kama yako, na `vmstat 5` inaonyesha sifuri kwenye safu za `si` na `so`, hakuna dharura, maana swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikipungua) haitumiki.

Ila shared 141 ni kubwa mno. Seva ya simu tano haina sababu ya kuwa nayo. Mara nyingi hapo ndipo yanapohesabiwa mafaili yanayokaa ndani ya RAM yenyewe, yaani tmpfs, na hayo Linux haiwezi kuyaachia kama inavyoachia kache. Andika:

`df -h -t tmpfs`

Ukikuta /var/log imo kwenye orodha na imebeba MB mia na kitu, umempata mlaji wa kwanza. Watu wengi huhamishia logi kwenye RAM ili kuilinda kadi ya SD, na wazo lenyewe si baya. Tatizo ni faili la /var/log/asterisk/full, ambalo likiachwa na verbose na debug (maelezo marefu ya kila hatua) hukua mchana na usiku. Umeme ukikatika logi zote hupotea, seva inawaka ikiwa nyepesi, na mwenye nayo anaamini ilihitaji kupumzika. Ndiyo maana kron ya saa tisa usiku huonekana kama inatibu.

Usilifute kwa `rm`. Asterisk bado imelishikilia, kwa hiyo jina litatoweka lakini RAM haitarudi. Ukishasoma mistari yake ya mwisho kama nilivyoeleza hapo chini, tumia:

`truncate -s 0 /var/log/asterisk/full`

Kisha kwenye Asterisk Logfile Settings zima debug na verbose kwa faili hilo, bakiza notice, warning na error, na hakikisha logrotate (programu ya kubadilisha mafaili ya logi) inalizungusha kila siku au likifika MB 10.

Kabla ya kulisafisha, lisome mistari ya mwisho. Kwa kuwa simu ya Nansio inajisajili kutoka nje, nahisi umefungua bandari 5060, mlango wa SIP ambao simu hujisajilia, kwenye rauta kuelekea Pi. Ukiona mistari mfululizo ya `Request 'REGISTER' from '"100" <sip:100@...>' failed ... No matching endpoint found`, yenye namba 100, 101, 1000 na IP usizozijua, hao ni wanaopekua mtandao mzima wakitafuta seva za simu zenye nywila dhaifu. Kila jaribio ni mstari kwenye logi, na fail2ban, programu ya kuzuia IP za wavamizi, nayo inakesha inasoma mistari hiyo huku ikijaza RAM yake. Funga 5060 kwenye rauta. Weka WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya vifaa viwili) kwenye Pi na kwenye simu ya Nansio, fungua bandari moja tu ya UDP kwa ajili yake, na upande wa simu weka `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe na mtandao wa data. Hata kama RAM isingekuwa tatizo, hili ningekuomba ulifanye leo, kwa sababu akipatikana mtu wa kupiga simu za nje kwa salio lako, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya Pi.

Sasa prosesi zenyewe:

`ps aux --sort=-rss | head -15`

Soma safu ya RSS, yaani RAM inayotumika kweli, achana na VSZ. VSZ ni nafasi iliyoombwa; Asterisk inaweza kuonyesha zaidi ya GB 1 hapo bila kuitumia. Na usijumlishe RSS za Apache, seva ya wavuti inayoonyesha dashibodi, kwani watoto wake (prosesi inazozaa) wanachangia kurasa zilezile za RAM. Ukitaka jumla ya kweli, sakinisha smem uangalie PSS, ambayo hugawa kurasa hizo kwa wanaozichangia.

Kwa nyumba ya laini sita, asterisk yenyewe kukaa chini ya MB 150 ni kawaida. Walaji wakubwa huwa majirani zake. Apache kwenye Debian huja na MaxRequestWorkers 150, idadi isiyo na maana kwa mtu mmoja anayefungua dashibodi. Kwenye mpm_prefork.conf weka StartServers 2, MinSpareServers 1, MaxSpareServers 3, MaxRequestWorkers 8 na MaxConnectionsPerChild 500. Hiyo ya mwisho ikiwa 0, mtoto aliyenenepa hafi kamwe. MariaDB, hifadhidata ya FreePBX, hutenga innodb_buffer_pool_size ya 128M. Kwako 48M inatosha. Node inatumika na UCP, ukurasa wa wavuti wa watumiaji wa simu. Kama hakuna anayeingia UCP, zima moduli hiyo.

Halafu kuna chaneli (simu zinazoendelea ndani ya Asterisk) zilizokwama, na hapa ile simu ya Nansio inahusika tena. Data ikikatika katikati ya maongezi, ujumbe wa BYE, wa kukata simu, haufiki. Asterisk inabaki inaamini watu bado wanaongea. Angalia usiku nyumba ikiwa imelala:

`asterisk -rx "core show channels verbose"`

Ukiona simu iliyodumu masaa kumi na moja, hiyo imekufa. Chaneli moja haijazi RAM, ila ikiwa inarekodiwa au imeingia kwenye chumba cha mkutano inaendelea kula diski na prosesa, na zikirundikana zinafunga laini zako za nje. Ikate kwa `channel request hangup` na jina lake. Ili isijirudie, weka `rtp_timeout=60` na `rtp_timeout_hold=300` (sekunde bila sauti kabla ya kukatwa) kwenye mipangilio ya laini hiyo. Usishushe ya kwanza hadi 10, maana kuna simu zisizotuma sauti mtu akinyamaza, nazo zitakatwa katikati ya maongezi.

Ukimaliza haya yote na bado unashuku asterisk inavuja, pima. Weka kwenye /etc/cron.d/rss:

`*/30 * * * * root ps -o rss= -C asterisk >> /root/rss.txt`

Namba ni KB. Ikipanda siku ya kwanza na ya pili kisha ikatulia, ni kawaida. Ikipanda kila usiku bila simu hata moja, huo ni uvujaji: sasisha Asterisk ndani ya toleo lako, na zima kwa `noload` kwenye modules.conf moduli usizotumia, moja baada ya nyingine, huku ukisoma faili hilo. Kama ni lazima kuiwasha upya wakati unachunguza, tumia `core restart when convenient`, ambayo husubiri simu ziishe.

Bandika hapa matokeo ya `df -h -t tmpfs` na ile `ps`, pamoja na mistari ishirini ya mwisho ya full. Ficha IP yako ya nje na nywila kabla ya kubandika.