Mdaiwa si lazima awe na deni

Fundi seremala mmoja wa Chake Chake kaniletea suali, nalifupisha. Alichukua kazi ya milango mitatu ya nakshi kwa mwenye nyumba ya wageni, akapewa advansi, mbao zikachelewa, wakagombana, mwenye nyumba akakataa kupokea milango, na sasa kaletewa samansi inosema yeye ni "mdaiwa", "amekiuka mkataba" na anatakiwa alipe "fidia". Anasema: "Mwalimu, mie sidaiwi na mtu hata shilingi, na mkataba kauvunja yeye, tena fidia si ile ya funga? Nna shahidi wa meseji pia."

Pole fundi. Tuanze na mdaiwa mana naona ndo lilokuuma khasa. Dai ni neno la Kiarabu na kwa asili ni kusema kitu fulani ni haki yako, hata kama bado hakuna alokukubalia. Sie mtaani tumelibana mpaka likabaki la madeni tu, ukimwambia mtu "nakudai" anajua ni ile pesa ya unga wa dukani. Mahkamani limebaki na upana wake, mdai ni anosema, mdaiwa ni anosemewa, basi. Hajakuhukumu mtu. Na wala hawajakuita mshtakiwa, hilo la kesi za jinai, kwaiyo wanosema barazani "fundi kashtakiwa" wanakuonea bure. (Kuna mtu aliwahi kuniuliza kwa nini mdai na si mdaaji: kitenzi chenyewe kishaishia na i, hakina a ya kugeuza kama soma inavozaa msomi.)

Kwenye kuvunja una hoja. Tunasema "kuvunja mkataba" kwa yule asotimiza ahadi, na tunasema hivohivo kwa yule anoumaliza kwa kuwa mwenzake hakutimiza, na hawa wawili mmoja ana kosa na mwengine anaweza kuwa na haki yake kamili! Ndo mana karatasi imesema kukiuka, na huyo wa pili ni bora tuseme kasitisha. Kwaiyo mbele ya hakimu usiseme "kauvunja" ukanyamaza, sema alikataa kupokea milango, siku gani, mbele ya nani.

Fidia ndio, ni ileile ya mgonjwa asoweza kufunga akalisha maskini. Wazo ni moja, kuziba pengo. Faini ni adhabu, fidia si adhabu, inamuweka mtu pale ambapo angekuwepo lau ungetimiza ahadi na haimtajirishi. Sheria ya mikataba ya Zanzibar na ile ya Bara, Sura 345 ya sheria zake, zote zimefata ile ya India ya 1872, na kifungu cha 73 cha Bara kinataka hasara iwe imetokana na ukiukaji wenyewe kwa kawaida ya mambo, au iwe ile mlokuwa mnaijua wote mlipokubaliana. Akisema wageni wa msimu wamemkimbia kwa ajili ya milango, aonyeshe ulikuwa unajua. Na hawezi kukaa miezi bila kutafuta fundi mwengine halafu hasara yote akubebeshe wewe.

Sasa "shahidi wa meseji" hapana. Shahidi ni mtu. Meseji, risiti, karatasi ya mkataba, ukizikabidhi mahkamani zinaitwa vielelezo, na ushahidi ni jumla ya yote hayo pamoja na maneno ya mashahidi. Shemeji yako alohadithiwa na wewe tu huyo kasikia, hakuona, usimtegemee sana. Mzigo wa kuthibitisha anao mdai kwanza, hata masheikh wanatufundisha kwamba ushahidi ni wa mdai na kiapo ni cha anokana, na katika kesi za madai unatazamwa upande ulozidi uzito kwenye mizani, haihitajiki kuondosha shaka kama kwenye jinai.

Kwaiyo kwenye majibu usiandike "sidaiwi", andika "nakanusha madai", kisha wakili akusaidie yalobaki mana mie wa lugha tu. Na risiti ya mbao, unayo bado?