Pindua Zulia Kwanza, Hadithi Utasikiliza Baadaye

Maswali ya wasomaji, anajibu Bi Mazulia

SWALI: Shikamoo Bi Mazulia. Mwezi uliopita nilikua Istanbul nikanunua zulia, muuzaji kaniapia kabisa ni la mkono, na chai nimenyweshwa glasi tatu pale dukani. Nimefika nyumbani nalipindua nakuta nyuma kumebandikwa kitambaa kigumu cheupe na kuna harufu kama ya mpira. Mume wangu anasema nimepigwa. Kweli nimepigwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi, ila na muuzaji hajasema uongo mtupu, hapo ndo penye ujanja wenyewe. Hilo tunaita zulia la bunduki. Mtu anashika kimashine kama drili, anachoma nyuzi kwenye kitambaa kilichowambwa, akimaliza anapaka gundi ya mpira nyuma ili zisichomoke, afu gundi anaifunika na hicho kitambaa ulichokiona. Mkono umetumika, sikatai, lakini hamna fundo hata moja humo ndani. Na gundi ikizeeka inakauka inageuka unga, utaukuta sakafuni kila ukilinyanyua.

Siku nyingine usiulize kama ni "la mkono", uliza kama limefungwa fundo kwa mkono, halafu usingoje jibu, pindua kona. La fundo linafumwa hivi: nyuzi za mtande, zile za kusimama kwenye fremu, zinavutwa, mfumaji anazungusha kipande kifupi cha uzi kwenye nyuzi mbili za mtande, anakata, anahamia fundo linalofuata mpaka mstari uishe, anapitisha mshindio, uzi wa kukingama, anagonga kwa kitana kizito, anaanza mstari mwingine. Kwa hiyo nyuma yake unaona maua yale yale ya mbele, wazi kabisa, kila fundo kama kipunje, na vipunje havilingani sana, hapa kinene pale chembamba. La mashine nyuma limenyooka mno mpaka linachosha macho. Shika na matamvua, yanatakiwa yawe ndo mtande wenyewe umetokeza, ukiyafuata kwa kidole yanaingia tumboni mwa zulia. Yakiwa yameshonewa pembeni kama lesi ya gauni shtuka, ingawa zulia kuukuu lililokarabatiwa linaweza kuwa hivo na likawa halali yake.

SWALI: Bi, nimeambiwa zulia la Tabriz la "raj 50" ni bora kuliko la raj 30, ila bei imeruka. Raj ni nini, na mafundo yakiwa mengi ndo ubora?

JIBU: Raj ni hesabu ya watu wa Tabriz, mji wa kaskazini magharibi mwa Iran, mafundo mangapi yamekaa kwenye upana wa sentimita 7. Raj 50 ni mafundo 50 kwenye kipande hicho kidogo, na kwenda juu hivo hivo, sasa ukipiga hesabu mita moja ya mraba inabeba kama 510,000. Chukua zulia la mita 2 kwa 3, hapo ni milioni 3 na ushee, na mfumaji akifunga tuseme 8,000 kwa siku bila kupumzika hata Ijumaa, ni mwaka mzima na siku juu. Raj 30 zulia la ukubwa ule ule halifiki hata milioni 1.2. Bei imeruka kwa sababu hiyo, unalipia siku za mtu.

Lakini ubora ni kitu kingine bwana. Mazulia ya Heriz, hapo hapo kaskazini magharibi mwa Iran, mafundo yake ni machache na michoro yake imenyooka kama imekatwa kwa msumeno, ila sufu yake ni ngumu na yanakanyagwa miaka na miaka yapo tu. Ya Waqashqai na Wabaluchi, watu wa kuhamahama na mifugo, ndo usiseme, mafundo machache na mimi mtu akinipa nichague nachukua hayo. Mafundo mengi yanahitajika pale mchoro una maua madogo madogo yenye kona laini. Lile zulia la Ardabil lililopo makumbusho ya Victoria and Albert pale London, lililofumwa 1539-40 na lenye urefu wa zaidi ya mita 10, lina mafundo zaidi ya milioni 25 na huwezi kuondoa hata robo, mchoro utavunjika. Taa yake wanaiwasha dakika 10 tu kila nusu saa, rangi zisififie.

Ila kuna wizi mmoja uujue, unaitwa jufti. Badala ya fundo kukamata nyuzi mbili za mtande linakamata nne, kazi inaisha nusu ya muda, na zulia linakua jepesi linaisha haraka. Limezoeleka sana Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran. Kwa mbele hulioni, panua nyuzi kwa vidole uangalie shina.

Na kama unaambiwa ni hariri, ngoja nikupe yangu. Mi mwenyewe na umri huu niliwahi kuuziwa "hariri safi", inang'aa kama maji, nikalipa bila kubisha kwa sababu nilishalipenda, kosa la kwanza hilo. Nyumbani nikachomoa kauzi kamoja kwenye tamvua nikakawasha kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Hako kalinuka karatasi! Ilikua viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na mbao. Likilowa kidogo tu linalala na kupiga umanjano, ukiliona utalia.

SWALI: Lebo inasema Bokhara halafu chini imeandikwa limetengenezwa Pakistan. Si utapeli huu?

JIBU: Sio lazima. Bukhara ni mji wa Uzbekistan, ulikua soko, mazulia yenyewe yalifumwa na Waturukimeni, yale mekundu yenye mistari ya maua ya pembe nane. Jina la soko likaganda kwenye mchoro, na Pakistan wanaufuma mchoro huo miaka mingi sasa. Majina ya mazulia ndo yalivo, hata lile fundo la Kiajemi (mafundo makuu ni mawili, hilo na la Kituruki) wanaliita la Senneh, na ukienda Senneh yenyewe, siku hizi Sanandaj, wengi wanafunga la Kituruki. Utapeli ni pale unapouziwa la Pakistan kwa bei ya kuukuu la Kiturukimeni.

SWALI: Zulia langu la bluu lina mkanda wa bluu iliyopauka katikati. Nirudishe?

JIBU: Kama mkanda umekatiza moja kwa moja kufuata mstari wa mshindio, hiyo inaitwa abrash, nyuzi zilizopikwa chungu kimoja cha nili, rangi ya bluu, ziliisha mfumaji akaendelea na za chungu kingine. Wengine tunalipenda zulia kwa hicho hicho. Ila kama limepauka mabaka mabaka fungua nyuzi uangalie mizizini, chini bluu nzito na juu imepauka ni jua limelila au limefuliwa kwa dawa. Afu chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ulisugue, kikitoka na rangi rudisha.

SWALI: Nondo wamevamia zulia la sufu chini ya kochi, nipige dawa?

JIBU: Chini ya kochi ndo kwao, giza na hamna anayepita. Toa kochi, pindua zulia, pitisha vakyumu pande zote mbili (ile brashi inayozunguka izime, inang'oa nyuzi), kisha lianike juani ulipige. Dogo lifunge kwenye mfuko uliweke friza nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Na usihangaike kumkimbiza yule anayeruka, yeye hali kitu, sufu inaliwa na mabuu yake, vidude vyeupe vidogo kama punje za mchele vilivyojificha huko mizizini mwa nyuzi, hivo ndo uvitafute.